Koti la Mnyonya Damu

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, Daftari alianza na saa ya ukutani. Alipanda juu ya kigoda, akaitoa kwenye msumari wake, akazungusha mishale mpaka ikasoma saa nane na dakika kumi, kisha akachomoa betri. Katika filamu waliyokuwa wakiitengeneza, huo ndio wakati mnyonya damu alipoamka na kuja sebuleni kutafuta cha kunywa. Onyesho likishamalizika kurekodiwa, Daftari alirudisha betri na kuiweka saa sawa, kwa sababu nyumba nzima iliitegemea kujua muda wa kula.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutunza mwendelezo. Kama mnyonya damu alishika kikombe kwa mkono wa kulia kabla ya mapumziko, ilikuwa juu yake kuhakikisha hakishiki kwa mkono wa kushoto baadaye. Alikuwa na kamera kuukuu ya kutoa picha papo hapo, na nyuma ya kila picha aliandika namba ya onyesho na saa. Mengine yote aliyaandika kwenye daftari, ndiyo maana wakampa jina hilo. Alilipenda. Daftari halitegemewi kuzungumza.

Asubuhi ya siku ya ishirini, mishale ilikuwa haijafika hata saa saba alipomsikia mpiga picha nyuma yake.

"Diski iko wapi?"

Mpiga picha, ambaye wote walimwita Jicho, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati dogo lililo chini ya saa. Alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena kana kwamba ingejirudi na kujuta.

"Diski iko wapi, jamani? Niliiacha hapa juu!"

Daftari alishuka kigodani na saa mkononi. Diski hiyo nyeusi, isiyozidi kipande cha sabuni ya kuogea, ilibeba siku kumi na nane za kazi. Ilitakiwa kuwe na nyingine ya nakala, lakini ile ya nakala ilitumbukia kwenye ndoo ya damu ya bandia wiki ya kwanza, na wote walicheka sana siku ile.

Leo hakuna aliyecheka. Saa tatu kasorobo watu wote sita walikuwa sebuleni, madirisha yakiwa bado yamefunikwa vitambaa vyeusi ili mchana uonekane usiku. Mwongozaji alisimama katikati. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyefariki mwaka uliopita, na kiti kikubwa cha baba bado kilikuwa pale pembeni, kikitumika kwenye filamu kama kiti cha mnyonya damu.

"Jicho, uliiona mara ya mwisho lini?" aliuliza.

"Jana saa tatu asubuhi. Nilinakili kazi ya juzi, nikaiweka hapa juu ya kabati. Basi. Tukashika kazi."

"Hukuifungia?"

Jicho alitazama viatu vyake. "Sikuifungia."

Mwongozaji alienda ukutani, ambako picha za Daftari zilibandikwa kwa safu, akazipitia kwa kidole. Akaibandua moja.

"Hii hapa. Sebule, kabati, na diski juu ya kabati. Na saa inaonekana vizuri kabisa. Saa nane na dakika kumi." Aliigeuza. Nyuma hapakuwa na maandishi; hiyo moja Daftari alisahau kuiandika. "Daftari, hii ni ya jana?"

Watu wote walimgeukia. Daftari hakuwa na ugonjwa mbaya kuliko huo, wa kutazamwa na watu wengi kwa pamoja. Alikumbuka kwamba jana, kabla ya kuondoka, alipiga picha za sebule ili leo waendelee pale walipoachia. Ilikuwa kama saa nane na dakika kumi hivi.

"Ndiyo," alisema. "Ni yangu."

Hesabu ikawa nyepesi. Saa nane kamili gari la mwongozaji, akiliendesha mwenyewe, liliwachukua Jicho, mwigizaji na dada wa mwongozaji kwenda kurekodi maonyesho ya barabarani. Saa nane na robo lilirudi kumchukua Daftari na vyuma vya taa. Mlango ukafungwa. Aliyebaki ndani alikuwa mmoja tu: Poda, mpambaji, aliyekuwa akifua mawigi bafuni mpaka waliporudi saa kumi na moja.

"Mimi?" Poda alicheka, kisha akaona nyuso zao. "Jamani. Mimi?"

"Juzi ulisema utaichoma filamu hii," mwongozaji alimkumbusha.

"Nilisema hivyo kwa sababu ulinifanya nimpake mwigizaji wako huyu mifupa tupu unga wa uso mara tisa! Hayo ni maneno ya hasira, mtu husema tu!"

"Poda, kama umeichukua, irudishe na tutasahau. Nakupa mpaka saa sita. Saa sita kamili nawaita polisi."

Poda alimtazama Daftari. Ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye alipofika siku ya kwanza akiwa amelikumbatia begi kifuani. Ndiye aliyemwekea nafasi kwenye benchi kila wakati wa kula. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja kuona mwenzake ataongeza neno. Daftari hakuongeza. Poda akachukua pochi yake, akatoka kukaa kwenye benchi la barazani peke yake.

Daftari alienda jikoni, akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. *Ndiyo, ni yangu.* Maneno matatu. Ulimi wake, uliokataa kusema hata "nipitishie chumvi", jambo la kumwangamiza rafiki umelisema bila kigugumizi.

Saa tatu na dakika ishirini alichukua daftari, akaanza kuuliza. Hakujua kupeleleza. Alijua kuuliza jambo moja tu: kabla ya hapo, kila kitu kilikuwa wapi?

Mwigizaji alikuwa amelala ndani ya jeneza la filamu, kwenye kijia cha kuelekea vyumbani. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba walimwita Mbavu, na alipenda kupumzika mle kwa sababu, alisema, ndicho kitanda pekee kilichotengenezwa kwa kipimo chake.

"Kaka Mbavu, samahani. Jana ulitoka saa ngapi sebuleni?"

"Unanishuku?" Aliinuka nusu, meno ya bandia yakiwa mfukoni mwa shati. "Nishuku tu, dada yangu, sababu ninayo. Nilimwomba Jicho afute lile onyesho la uani. Mimi na fulana iliyotoboka, nafua sanda yangu! Wakwe zangu wataitazama filamu hii."

"Alikataa?"

"Alinicheka."

Daftari alitazama kurasa zake. Onyesho la uani lilirekodiwa jana, kuanzia saa tano. Rekodi zake zilikuwa bado ndani ya kamera ya Jicho. Zingenakiliwa kwenye diski asubuhi hii. Mtu mwenye haya na fulana yake angeiba kadi ya kamera, si diski.

"Na koti la mnyonya damu?" aliuliza. "Ulilivua wapi?"

"Nilipomaliza kuzimia kwenye onyesho. Saa tano kasorobo. Joto lilinishika, nikalitundika kwenye kiti cha mzee sebuleni, tukaenda uani. Nikalivaa tena nikielekea kwenye gari." Alijilaza, akakunja uso. "Muulize Dada Mkubwa huu mto leo una nini. Akilazwa humu maiti wa kweli, ana haki ya kulalamika."

Daftari aliandika: *Mto mgumu.* Aliandika kila kitu, hata visivyo na maana.

Dada Mkubwa alikuwa stoo, kwenye cherehani yake. Alikuwa dada wa kwanza wa mwongozaji, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, na ndiye aliyeshona kila vazi la filamu bila kutaka kusoma hata ukurasa mmoja wa hadithi yenyewe. "Nyie niambieni kiuno na mabega," alisema siku ya kwanza, "mizimu yenu sitaki kuijua."

"Shikamoo, Dada Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Nilitaka kuuliza tu… jana, kabla ya gari kuja, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Tangu saa tatu mpaka honi ilipolia. Hata chakula nililetewa mlangoni." Mguu wake haukusimama kwenye pedali. "Yule binti bado yuko nje?"

"Poda? Ndiyo."

"Kwenye jua?"

"Kwenye benchi. Kuna kivuli kidogo."

Mashine ilinyamaza. Dada Mkubwa alikata uzi kwa meno, akakaa akiutazama. "Watamrudisha tu," alisema. "Ndugu yangu hasira zake hazidumu."

Saa nne na nusu Daftari alirudi sebuleni kumalizia kazi aliyoikatisha asubuhi. Kazi ya mikono ilimtuliza. Aliipanga vizuri meza ya mnyonya damu, na kitambaa cha mezani kikamwonyesha lile doa kubwa jekundu, pale Mbavu alipomwaga kikombe jana. Lilikuwa onyesho la arobaini na moja: mnyonya damu anapelekewa kikombe kilichojaa, anakiona, macho yanamgeuka, anazimia. Walilirudia mara nne. Ya nne ndiyo iliyofaa, na ndiyo iliyolowesha kitambaa. Saa nne na dakika arobaini, alikuwa ameiandika.

Aliichukua picha isiyo na maandishi mezani, alipoiacha mwongozaji.

Kitambaa kwenye picha kilikuwa cheupe.

Daftari alikaa kitako sakafuni. Aliitazama picha, akatazama kitambaa, akatazama saa iliyolala juu ya kigoda bila betri. Picha haikupigwa jana alasiri; zile za alasiri, ukutani, zilionyesha meza na kiti tu. Ilipigwa asubuhi, kabla ya kikombe kumwagika, wakati saa ikiwa imesimamishwa kwa ajili ya filamu. Saa nane na dakika kumi ile haikuwa ya mchana wa jana. Ilikuwa ya mnyonya damu. Na mikono iliyoizungusha ilikuwa yake mwenyewe.

Alitaka kukimbia barazani wakati ule ule. Lakini angesema nini? Kwamba diski ingeweza kuchukuliwa wakati wowote tangu saa nne na dakika arobaini? Basi Poda angebaki kuwa mmoja wa wengi, na neno "labda" lingemfuata kila kazi. Daftari alifungua daftari, akasoma tena jana yote, mstari kwa mstari, mpaka alipofika saa nane na dakika arobaini, barabarani.

*Koti. Kifungo cha pili kimekazwa. Nani? Asubuhi kilikuwa kinaning'inia. Haitaoana!!*

Alikuwa amekasirika jana alipoandika hayo. Leo aliyasoma tena, polepole. Asubuhi, kifungo cha pili cha koti kilining'inia kwa uzi mmoja. Saa tano kasorobo koti likawekwa kwenye kiti, hatua moja kutoka kwenye kabati. Mbavu alilivaa akielekea kwenye gari, na kifungo kilikuwa kimeshonwa.

Alienda kulitazama koti mahali lilipotundikwa. Lilikuwa koti jeusi la zamani, zito, si la dukani. Kila kifungo kilikuwa kimeshonwa kwa msalaba, kisha uzi ukazungushwa chini yake mara nyingi kama kishingo. Cha pili vilevile. Uzi mpya, mkono ule ule.

Daftari alitamani asingeona. Alilishika koti muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa sita kasoro dakika kumi aliwaomba wote waje sebuleni. Aliomba kwa sauti ndogo hivi kwamba Jicho ilibidi arudie kwa kelele. Poda aliingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango.

"Nina kosa," Daftari alisema. Alizungumza akitazama saa iliyokuwa mkononi mwake, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko nyuso. "Ile picha si ya alasiri. Kitambaa ni cheupe, tazameni, na kilimwagikiwa saa nne na dakika arobaini. Saa niliigeuza mimi, kwa ajili ya onyesho. Nilisema ndiyo kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Poda, nimekukosea. Ningeweza kukaa nifikiri, nikaogopa kunyamaza mbele ya watu."

"Wewe?" Poda alisema. "Kunyamaza ndiyo kazi yako kila siku. Leo ndiyo ukaamua kujibu haraka?"

Mbavu aliguna kicheko, akakimeza.

"Basi ni nani?" mwongozaji aliuliza. Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. "Kwa maana hiyo ni yeyote."

"Si yeyote. Kati ya saa tano kasorobo na saa nane, koti lilikuwa kwenye kiti kile. Kifungo cha pili kilikuwa kimelegea. Lilipotoka, kilikuwa kimeshonwa." Aliinua koti. "Aliyekishona aliingia humu tulipokuwa uani. Ana sindano na uzi mweusi. Na amesema hakutoka stoo."

Hakutaja jina. Hakuweza. Hata hivyo, wote walijua cherehani ilikuwa ya nani.

Jicho alitikisa kichwa. "Ngoja. Mtu anakuja kuiba, halafu anakaa kushona kifungo?"

"Sikukaa," alisema Dada Mkubwa. "Nilishona nimesimama."

Alikuwa kwenye mlango wa ndani, mikono imeshikana tumboni. Mwongozaji alimgeukia taratibu sana.

"Dada?"

"Kilikuwa kinaning'inia. Baba hakuwahi kutoka na kifungo kinaning'inia mimi nikiwepo."

Aliondoka bila haraka. Walimsikia kijiani, wakasikia kitambaa kikichanika. Akarudi na mto wa jeneza, mshono wake umefunguliwa, akatoa diski katikati ya pamba, akaiweka juu ya kabati palepale.

"Nilijua!" alisema Mbavu. "Nilisema ule mto…" Poda alimpiga kiwiko.

"Sikuivunja," Dada Mkubwa alisema. "Nilitaka. Nilikuwa na nyundo. Nikaona mambo ya baba yamo humo, koti lake, kukohoa kwake. Sikuweza. Wala sikuweza kukuachia. Nikaishona, kwa sababu ndicho ninachojua." Alimtazama Poda. "Na wewe, binti yangu, nilikuacha kwenye benchi asubuhi nzima. Nilijiambia watakurudisha. Nisamehe. Kwa hilo sina kisingizio."

Poda alitaka kusema kitu kikali, ilionekana mdomoni. Akatoa pumzi tu, akavuta kiti. "Kaa, mama. Utaanguka."

Dada Mkubwa hakukaa. Alikuwa akizungumza na ndugu yake sasa.

"Uliniambia koti la baba unalitaka kwa kipimo tu, si la kuvaliwa. Jana nilikuja mlangoni kuuliza urefu wa sanda, nikawakuta mnalirudia lile onyesho. Nikamwona huyu kavaa koti la baba, kakaa kwenye kiti cha baba, anasema, 'Leo nimekunywa ya kijana, miguu inataka kucheza.' Maneno ya baba! Aliyasema kila aliporudi hospitali, kila mwezi, miaka miwili, akiwa kaongezewa damu ya watu asiowajua. Aliyasema ili mimi nisilie. Na nyie mnacheka. Halafu akazimia, mkacheka zaidi."

"Dada…"

"Ulimgeuza mzimu wa kuchekesha. Baba yako. Aliyekufa akisubiri chupa moja ya damu. Mimi nilikuwa nimetoa wiki tatu kabla, wakanikataa. Ikabaki wewe, na wewe gari likakuharibikia njiani. Sikukulaumu. Mwaka mzima sijakulaumu hata siku moja. Ndiyo haya malipo yake?"

Mwongozaji aliweka simu kwenye kabati, kando ya diski. Alijaribu kukaa kwenye kiti cha baba, akabadilisha nia, akabaki amekishika mgongo.

"Mnyonya damu gani anaogopa damu, dada?" aliuliza. "Hukujiuliza? Baba aliogopa damu?"

"Baba hakuogopa kitu."

"Basi anayezimia ni nani?"

Dada Mkubwa alilitazama koti lililokuwa mikononi mwa Daftari.

"Gari halikuharibika," mwongozaji alisema. "Nilifika. Saa nne asubuhi. Nilijiandikisha, nikaitwa. Kulikuwa na kijana amelala kitandani, mrija mkononi, mfuko unajaa. Nikauona ule mfuko. Nikaanguka. Nilipozinduka muuguzi alikuwa ananipepea na faili, anacheka kidogo, si kwa ubaya, akaniambia nipumzike tujaribu tena. Nikasema naenda kunywa maji. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikaa kituo cha basi mpaka jioni nikitunga ile habari ya gari."

Jicho alikuwa ameshika kofia yake kifuani.

"Utani ni wa baba," aliendelea, "ila mwoga ni mimi. Nilifikiri nikiiweka kwenye filamu, watu wakacheka, na wewe ukaitazama ukiwa umekaa katikati yao, utaelewa mwenyewe. Nisingelazimika kukuambia."

Dada Mkubwa alilichukua koti kutoka mikononi mwa Daftari. Alilikunja mara moja, akalikunjua, akalishikilia hivyo hivyo. Aliponena, sauti yake haikuwa ya hasira.

"Umenieleza habari. Kituo cha basi, muuguzi, faili. Nimeisikia." Alipiga hatua moja kumkaribia. "Sasa sema ulichotaka kuniambia."

Mwongozaji, ambaye kwa siku ishirini alikuwa amewaambia wengine la kusema na namna ya kulisema, alikiachia kile kiti.

"Nilimwacha baba peke yake," alisema. "Na nikakuacha wewe uniamini. Nisamehe, dada."